Mbona siku hizi walimu hawasahihishi matamshi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili. Enzi zetu mwalimu wa Kiingereza alituwekea kaseti, darasa zima tukaitikia "ship, sheep" mpaka koo zikakauka. Mwalimu wake akimsikia anaongea kwa lafudhi ya kwetu anamwacha tu. Ni uvivu, au ndivyo wanavyofundisha sasa?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Yote mawili yawezekana.

Zamani Ulaya lugha ilifundishwa kwa kutafsiri vitabu, ulimi haukuwa na kazi. Mwaka 1886 mjini Paris, Paul Passy na walimu wenzake wakaanzisha chama kilichotupa zile alama za kifonetiki zinazokaa kando ya maneno kwenye kamusi. Kaseti yenu ilitokana na mtindo wa miaka ya 1950 na 1960, zama za maabara za lugha, ilipoaminika kwamba lugha ni mazoea: rudia mpaka ulimi ukubali. Baadaye yakaja mafundisho ya mawasiliano, yaani kujifunza lugha kwa kuitumia kuzungumza na kuelewana, matamshi yakasukumwa pembeni.

Mwaka 1995 Munro na Derwing, watafiti wa Kanada, walionyesha kuwa mtu mwenye lafudhi nzito anaweza kueleweka vizuri kabisa. Mwaka 2000 Mwingereza Jennifer Jenkins akachambua yanayovuruga maelewano pale wasiozaliwa na Kiingereza wanapozungumza wao kwa wao. Sauti za "th", ambazo wengine tulichapiwa fimbo, akaziacha nje. (Anayetamka "thelathini" na "dhahabu" barabara anazo tayari, shida ni sisi wa "selasini".) Urefu wa irabu akaubakiza, kwa hiyo "ship, sheep" yenu haikwenda bure.

Mkazo wa neno Jenkins hakuupa uzito. Hapo mimi simfuati. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtoto wetu akisema "photographer" sauti humpanda kwenye "gra", na msikilizaji anabaki kujiuliza kasema nini. Hilo linafaa kusahihishwa, papo hapo, bila kumwaibisha.

Ukienda shuleni usimuulize mwalimu habari za lafudhi. Muulize hufanya nini binti anapotamka neno na wenzake wasimwelewe. Akikueleza anavyomrekebisha, mwache aendelee na kazi yake. Akikuambia haingilii kabisa, hilo neno lako la uvivu nami naliunga mkono.