Mstari Mweusi Kwenye Picha

Mwanangu,

Picha ya mkono wa mume wangu mdogo nimeiona. Unauliza mbona hogo limeshatolewa na bado kuna mstari mweusi karibu na kifundo, kana kwamba mfupa haujaunga. Tuliza moyo. Hata mkono wake usioumia ukipigwa eksirei, mstari huo utaukuta.

Hilo ni gegedu, tishu inayopinda kama ile ya sikio. Halina madini kama mfupa, kwa hiyo kwenye eksirei halitoi weupe. Mtoto wa miaka tisa bado analo karibu na ncha za mifupa mirefu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mwaka 1727 Mwingereza Stephen Hales alieleza jinsi alivyotoboa matundu mawili kwenye mfupa wa mguu wa kifaranga. Kifaranga kikakua, mfupa ukarefuka, matundu yakabaki umbali uleule, yaani mfupa ulirefukia nchani, si katikati. (Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi walikihurumia kifaranga wakasahau somo.)

Seli za gegedu hilo ni bapa, zimepangana kama sahani kabatini. Sasa sikia ninachokipenda. Seli ikigawanyika, pacha wake hawatokei mmoja juu ya mwingine. Hutokea ubavu kwa ubavu, halafu hujisogeza taratibu mpaka mmoja akae chini ya mwenzake. Bila kusogea huko, mfupa ungetanuka tu. Zile za upande wa katikati ya mfupa huacha kugawanyika, zikavimba hadi mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, na kuvimba huko huchangia sehemu kubwa ya urefu. Kisha mishipa ya damu huingia, na mfupa hujengwa juu ya mabaki ya gegedu.

Ndiyo maana daktari anataka kumwona tena. Ufa ulipita kwenye gegedu lenyewe. Upande mmoja ukiacha kuzalisha seli na mwingine ukaendelea, mkono utapinda, na hilo halionekani kwa wiki mbili tatu. Kwenye kifundo mara nyingi hupona salama, ila usiikose tarehe hata moja.

Mstari utajifuta wenyewe mwishoni mwa balehe. Estrojeni, ile homoni tuliyozoea kuiita ya kike, ndiyo inayoufunga, hata kwa wavulana. Ndiyo, nao wanayo.

Mwembe sitaukata, usiniombe tena. Ila ngazi nimeifungia stoo, na ufunguo ninao mimi.

Mama yako