Anzia kwenye korosho, ramani itafuata

Dada, umesema watoto wako wa chekechea hapo Mtwara wanasinzia ukiwabandikia ramani ya dunia, ila wakitoka nje wanagombania korosho za kuchezea. Basi ramani ikunje kwanza. Mpe kila mmoja korosho yenye ganda aishike, ainuse, aone ilivyopinda kama figo. Wasiipasue wala kuiuma, mafuta ya ganda yanababua. Waambie asili yake ni Brazili, Wareno ndio walioileta pwani yetu. Kule huitwa caju, na India kaju. Watamkishe yote mawili, utaona watakavyofurahi kusikia yanafanana!

Kisha chora bahari sakafuni kwa chaki: huku bandari ya Mtwara, kule India na Vietnam, ambako korosho zetu huuzwa. Kifuu ndiyo meli. Wapakie, wasukume, washushe.

Yule anayependa wanyama wakubwa msimulie Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria mwaka 1909 hadi 1913. Mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Pimeni kamba ya mita 13, muitandaze uwanjani, walale juu yake mmoja mmoja. Wataanza wenyewe kuuliza Berlin iko wapi. Hapo ndipo ukunjue ramani.