Jibu: Pacha mmoja anapumua, mwingine yuko kwenye mashine. Ni damu ya ukoo?

Dada, pole sana. Umesema wako wamezaliwa wiki ya 30, mmoja anapumua mwenyewe, wa pili yuko kwenye oksijeni, na mama mkwe anadai pumu hiyo mmeitoa kwenu, kwa shangazi yako. Mimi niliambiwa hayo hayo hapa Kisumu, mshono wangu haujakauka.

Wangu walikuja wiki ya 31. Apiyo alitoka akilia. Odongo akafuata, anaguna kila akipumua, kifua kinabonyea chini ya mbavu. Akawekwa kwenye mashine ya mapovu, ule mpira wa puani ambao ncha yake nyingine imezamishwa kwenye chupa ya maji. Siku sita nilikaa nikiyatazama mapovu yale. Yakinyamaza tu, namwita sista.

Pumu haimo humu. Mapafu ya njiti hayajapata ute wa kutosha, ule unaozuia vifuko vya hewa visigandane. Kwa kawaida hutosha karibu wiki ya 34 au 35. Kabla ya hapo, kila pumzi ni kama kupuliza puto jipya. Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki kwa shida hii mwaka 1963 akiwa na saa 39 tu duniani, na huyo ni mtoto wa rais.

Mbona mmoja tu? Daktari alinieleza kwamba pacha wa pili ndiye husumbuka zaidi mara nyingi, na mapafu ya mvulana huchelewa kukomaa kuliko ya msichana. Odongo wangu alibeba yote mawili.

Sasa jeni. Zimo, nisikufiche. Wataalamu hulinganisha mapacha wa yai moja na wale wa mayai mawili: wa yai moja wakiugua wote wawili mara nyingi zaidi, hapo wanajua kuna kitu cha kurithi. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 uliangalia ule ugonjwa sugu wa mapafu, wa njiti anayebaki na oksijeni wiki nyingi, ukaona kama asilimia 53 ya tofauti kati ya anayeupata na asiyeupata inatokana na jeni. Lakini jeni za mtoto nusu ni za baba! Tena kuna kasoro adimu ya protini B ya huo ute: hiyo humshika hata mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, na lazima nakala mbovu zitoke kwa baba na kwa mama. Mwambie mama mkwe, kwa adabu.

Kinachoniuma mimi si damu. Kituo nilichoanzia kiliniacha kwenye benchi usiku kucha, uchungu umeshaanza, bila ile sindano ya kukomaza mapafu, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikipata kama siku moja kabla ya kujifungua. Wewe ulichomwa? Muulize daktari, maana hilo lina uzito kuliko hadithi za shangazi yako mwenye pumu.

Odongo sasa ana miaka minne. Mafua ya dadake huisha siku tatu, yake wiki mbili, na mpira anacheza.

Halafu hukusema: wako ni wa kufanana au la?