Majina mawili kwenye cheti cha kuzaliwa hayatoshi

SWALI: Mimi ni mwanamke; mimi na mke wangu tulifunga ndoa Oakland, California. Mtoto wetu ana miezi minane. Mwenzangu ndiye aliyembeba, kwa mbegu kutoka benki ya mbegu, na majina yetu sote wawili yamo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Sasa tunahamia Texas kikazi. Jamaa anayetujazia fomu za uhamiaji anasema sheria ya 2022 inatulinda popote, kwamba kumuasili mtoto wetu wenyewe ni kutupa pesa, na kwamba atatuandikia "hati ya ulinzi wa familia" yenye mhuri wa notari. Tumsikilize?

JIBU: Msimsikilize, dada, na msihame kabla hamjafungua ombi la kuasili hapo hapo California.

Sheria anayoitaja ni Respect for Marriage Act, iliyotiwa saini Desemba 2022, miezi michache baada ya Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu kuandika katika Dobbs, kesi ya utoaji mimba, kwamba hukumu ya Obergefell ya 2015, iliyohalalisha ndoa za jinsia moja nchini kote, iangaliwe upya. Inailazimisha serikali kuu kuitambua ndoa iliyokuwa halali ilikofungwa, na inayataka majimbo yasiikatae kwa sababu ya jinsia ya wanandoa. Basi. Siku Obergefell ikianguka, sheria hii haimlazimishi karani yeyote wa Texas kutoa leseni mpya ya ndoa. Na haisemi wazi nani ni mzazi wa nani. Inagusa haki zinazotokana na ndoa, na wakili hodari anaweza kujenga hoja hapo, lakini hoja si hukumu.

Kinachochosha zaidi ni hii imani kwamba cheti cha kuzaliwa ndicho kinachomfanya mtu kuwa mzazi. Cheti ni kumbukumbu ya ofisi ya usajili. Jina lako limo kwa sababu sheria inamchukulia mwenzi wa aliyejifungua kuwa mzazi, na Arkansas ilipokataa kuwaandika wake wa waliojifungua, Mahakama ya Juu iliikatalia mwaka 2017 katika Pavan v. Smith. Lakini dhana ya kisheria huweza kupingwa kwa ushahidi, na kipimo cha DNA hakitakusaidia wewe. Amri ya kuasili ni hukumu ya mahakama, na Katiba ya Marekani inalitaka kila jimbo liheshimu hukumu ya jimbo jingine hata kama haliipendi. Alabama ilijaribu kuipuuza amri ya kuasili iliyotolewa Georgia kwa mama wa pili. Machi 2016, katika V.L. v. E.L., Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo ya Alabama. Wanawake wale hawakuwa hata na cheti cha ndoa. Walichokuwa nacho ni amri.

Tena angalieni nani alikuwa akimpinga V.L., huyo mama wa pili. Si gavana, si mwanasheria mkuu. Alikuwa mwenzi wake wa zamani, mama aliyezaa watoto wale. Watu huwaogopa wanasiasa, kumbe kesi hizi huletwa na walioachana, au na wakwe baada ya mazishi, wakati anayewajua ninyi vizuri ndiye anayejua pa kubana.

California ina njia fupi kwa waliokuwa wameoana mtoto alipozaliwa, chini ya kifungu cha 9000.5 cha sheria ya familia. Mnajaza ADOPT-200, ambayo ndiyo ombi, ADOPT-205, maelezo ya jinsi mimba ilivyopatikana, ADOPT-210, ridhaa, na ADOPT-215, amri ambayo jaji atasaini. Ambatisheni nakala za cheti cha ndoa na cha kuzaliwa, pamoja na karatasi za benki ya mbegu. Hakuna afisa wa ustawi kuja kukagua vyumba, na kwa kawaida hamwitwi mbele ya jaji mpaka awe na sababu. Wengi hukwama kwa kuiacha ADOPT-205, kisha faili lao likashughulikiwa kama la baba wa kambo wa kawaida, uchunguzi na yote. Majina yaliyoandikwa tofauti kwenye vyeti viwili nayo hurudisha faili nyuma. Amri ikitoka, chukueni nakala kadhaa zenye mhuri wa mahakama, na moja isafiri na pasipoti ya mtoto. Mkihama kwanza, mnaweza kujikuta kwenye utaratibu wa Texas, wenye uchunguzi wa familia na rekodi za jinai.

Wanaotumia mbegu za rafiki, nyumbani, bila daktari, wako pabaya zaidi. Kansas, mwaka 2014, jaji alimtamka mtoaji mbegu kuwa baba wa kisheria kwa sababu hakuna daktari aliyehusika. Mkataba waliosainiana haukumwokoa. Ilibidi angoje mpaka 2016 kuondolewa mzigo wa matunzo.

Ama hiyo "hati ya ulinzi": notari wa Marekani si wakili. Mhuri wake unathibitisha kwamba aliyesaini ndiye wewe, hauthibitishi kwamba ulichokisaini kina nguvu. Wosia na hati ya kumwakilisha mwenzio hospitalini ni vitu vya maana, viandaliwe, lakini havimfanyi mtu mzazi. Mwombeni jamaa yenu namba yake ya uwakili, mwitafute kwenye orodha ya State Bar ya California, chombo kinachosajili mawakili, iko wazi mtandaoni. Asiyekuwa nayo anaweza kuandika mnachomtajia kwenye fomu. Kuwaambia sheria gani inawahusu haruhusiwi.