Nina nyumba Kibada, lakini nimepanga Magomeni

Wiki hii mmeuliza: "Ukistaafu, ungechagua kuishi mtaa gani wa Dar es Salaam, na kwa nini?" Swali limenikuta barazani, Magomeni, kwenye nyumba isiyo yangu. Yangu iko Kibada, Kigamboni. Ina vyumba vitatu, hati na mwembe, na anakaa mpangaji. Najua wapo watakaoshangaa. Kwetu mstaafu akionekana anapanga, watu husema ametapanya mafao. Ndugu wa mume wangu walilisema hilo mbele yangu, na liliniuma.

Kiwanja cha Kibada tulikipata kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima Kibada, Kisota, Gezaulole, Tuangoma, Bunju na kwingineko. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu alikuwa fundi. Tulijenga kidogo kidogo: msingi kwa mkopo, tofali kwa hela ya mchezo, bati mwaka ule mtoto wa mwisho alipomaliza chuo. Niliacha kazi mwaka 2018, nikiwa na miaka 60, tukahamia. Sitaisema vibaya Kibada. Mwezi wa sita, kusi inapovuma kutoka baharini, unalala kwa shuka zito na feni imezimwa. Bustani ilikuwa na mchicha, matembele na kuku wa kienyeji thelathini. Kama mngeniuliza mwaka ule wa kwanza, ningejibu Kibada bila kuwaza.

Lakini sisi tulichagua kiwanja tukiwa na miaka arobaini na kitu, kwa miguu ya miaka arobaini na kitu. Hapo ndipo tulipokosea.

Usiku mume wangu alipopata kiharusi, nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Pale kila nyumba ina uzio na geti. Sisi wenyewe tulianza na uzio kabla hata ya kupiga lipu. Aliyenisikia ni mlinzi wa nyumba ya tatu, kijana wa watu, ndiye aliyekwenda kugonga geti la jirani mwenye gari. Tulipita Daraja la Nyerere saa tisa usiku. Nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa daraja lile, maana kabla ya mwaka 2016 tungekuwa tunasubiri pantoni, au tunazunguka njia ndefu ya Kongowe. Alipona, ila upande wa kulia ukabaki mzito.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuhamisha. Mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, Upanga. Ukipita darajani kwa daladala unakutana na malori ya bandarini, na asubuhi inakwisha. Ukipita Feri ni karibu zaidi, lakini hebu fikiria mtu wa fimbo kwenye pantoni. Lango likifunguliwa watu hutoka mbio, kila mmoja anawahi kazini, nyuma yao bodaboda, baiskeli, mikokoteni. Siwalaumu, nami nilikimbia hivyo hivyo nilipokuwa na madarasa ya kuwahi. Tulikuwa tunangoja wote waishe, halafu tunapanda ule mteremko polepole, yeye akiwa ameshika bega langu. Siku moja katikati ya mteremko aliniambia, "Mwalimu, mimi sirudi tena huku." Nilidhani anaongelea hospitali. Alikuwa anaongelea nyumba.

Tulitafuta miezi miwili. Dalali alitutembeza Kinondoni, Ilala, Temeke, hadi tukapata hapa Magomeni vyumba viwili na sebule, mlango wa mbele unatazama mtaa. Kodi tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali alichukua ya mwezi mmoja kama kawaida yao. Hesabu ni rahisi: nyumba ya Kibada inalipa kodi ya hapa, inabaki ya dawa, pensheni haiguswi kwa ajili ya paa. Magomeni kununua nyumba kwa mafao ya mwalimu haiwezekani, ardhi ya hapa imeshapanda mno. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wasione haya kupanga.

Na tunapata nini? Soko liko hatua chache. Mwendokasi tunapanda saa nne, watu wa kazini wakishapita. Siku mume wangu hajisikii, bajaji hadi Muhimbili ni safari fupi. Hospitali ya Mwananyamala nayo si mbali, na wahudumu wa dirisha la wazee wameshatuzoea. Hayo yote ni kweli, lakini si ndiyo makubwa. Kubwa ni baraza. Nyumba hizi za zamani za Kiswahili zilijengwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Mzee akikaa pale saa kumi jioni, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake, anasimama, anauza kikombe na kashata, anauliza mkono unaendeleaje. Mama wa maandazi anauliza. Watoto wa madrasa wanamwamkia "Shikamoo babu" mmoja baada ya mwingine, naye anajibu wote, na daktari aliniambia maneno yamerudi vizuri. Mimi nadhani ni zile marahaba. Akichelewa kutoka asubuhi, kabla ya saa tatu mtu amegonga mlango. Kibada tungeweza kukaa siku mbili ndani bila mtu kujua.

Sina budi kusema na ubaya wake. Januari na Februari joto la hapa ni kali, upepo wa bahari haufiki vizuri, na chumba kisicho na dari hakikaliki mchana. Kelele zipo, hasa Jumamosi kukiwa na shughuli. Kubwa zaidi ni maji. Upande wa Mapipa unashuka kwenda Jangwani, na Mto Msimbazi ukijaa, barabara ya Morogoro hufungwa pale na huko chini nyumba zinaingia maji. Watu wa Dar hatujasahau Desemba 2011, wengine walihamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo usije kuangalia nyumba kiangazi. Njoo mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, tazama alama ya tope ukutani, na uliza mpangaji, usimuulize dalali. Sisi tuko upande wa juu, na tulikuja kuangalia mvua ikinyesha.

Mitaa mingine nitaisema kwa ufupi. Upanga ni karibu na hospitali kuliko kote, lakini kodi ni kubwa na ghorofa nyingi ni ngazi. Sinza ilipimwa vizuri tangu miaka ya sabini na ina kila kitu, ila muziki wa baa usiku haufai kwa mgonjwa. Temeke ningeichagua kama nisingepata hapa, kwa ajili ya hospitali na soko la Tandika. Goba, Madale, Chanika: hewa nzuri, eneo kubwa, nenda kama una gari na una mtu wa kuliendesha miaka kumi ijayo. Pugu sasa ina kituo cha treni ya SGR, lakini mzee hahitaji kwenda Morogoro kila wiki, anahitaji kliniki.

Kwa walimu wadogo wanaojenga sasa: jengeni, nyumba ni akiba na mtaishi kwayo. Ila siku moja, kabla hamjapaua, ondokeni kwenye hicho kiwanja saa nane usiku kwenda hospitali bila gari lenu, mwone mtafika saa ngapi.

Binti yetu huuliza kila Desemba lini tunarudi Kibada kwenye embe zetu. Mpangaji hutuletea ndoo nzima, mtu mwema. Mkataba wetu wa hapa unaisha mwezi ujao, na mume wangu ameshamwambia mwenye nyumba kwamba tunaongeza.

Mwalimu mstaafu, Magomeni