Saa inarudi 2009, namba za IP zinajibadilisha: nibadilishe bodi?

SWALI: Habari fundi. Nina steshenari ndogo jirani na chuo, Morogoro. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu aliyekuwa na intaneti kafe akaifunga. Kila asubuhi nikiiwasha inasema ni tarehe 1 Januari 2009, saa sita usiku. Namba za IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao) alizoniwekea fundi wa printa, 192.168.1.50, sizikuti, nakuta 192.168.10.7, ambazo sijawahi kuziandika. Nikirudisha zangu, Chrome bado inagoma kufungua kurasa mpaka nirekebishe tarehe, na huku wanafunzi wamepanga foleni kujaza maombi ya mkopo wa HESLB. Mchana nikiizima na kuiwasha saa inabaki sawa, ila IP zinabadilika vilevile. Jioni nazima kila kitu kwenye swichi ya ukutani. Nimeambiwa bodi kuu ya ndani (motherboard) imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada, hiyo hela ya bodi itunze. Una magonjwa mawili yaliyokutana kwenye mashine moja, na bahati nzuri umeyatenganisha mwenyewe pale uliposema mchana saa inabaki ila IP zinapotea.

Tuanze na saa, maana ndiyo rahisi. Kwenye bodi kuna betri bapa ya mviringo, kama sarafu, inayoandikwa CR2032. Ni ya volti 3, na kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta haina umeme kabisa. Mchana ukizima kompyuta bila kugusa swichi ya ukutani, pawasaplai inaendelea kupeleka umeme kidogo kwenye bodi, kwa hiyo saa inaishi humo na betri haiulizwi chochote. Jioni unapokata umeme ukutani, mzigo wote unaiangukia betri ambayo imeshakwisha. Saa inasimama, na asubuhi bodi inaanza na tarehe iliyotoka nayo kiwandani.

Chrome nayo haikosei. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta inayoamini tuko 2009, cheti cha mwaka huu ni sawa na kitambulisho ambacho hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi hii, niliwahi kubadilisha waya na ruta kwa mteja mmoja kutwa nzima kabla sijatupa jicho kwenye kona ya kioo nikaona mwaka. Siku hizi naanzia hapo.

Kubadilisha betri ni kazi ya dakika kumi. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha, shika chuma chake kwanza, halafu tafuta ile sarafu. Pembeni yake kuna kibanio kidogo cha chuma. Kisukume kwa ukucha au bisibisi nyembamba, betri itaruka juu yenyewe. Mpya iingie upande wenye alama ya jumlisha ukiwa juu. Usikubali kuuziwa CR2025 ukaambiwa ni ileile: hiyo ina unene wa milimita 2.5, na yako inahitaji 3.2, kwa hiyo itacheza kwenye soketi. Kama kuna mtu ana maltimita, ipimeni iliyotoka. Nzima inasoma 3 au zaidi kidogo, na ikiwa chini ya 2.7 hakuna haja ya kubishana. Ile ya zamani usiiache mezani kama kuna watoto dukani. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo katika muda wa saa mbili tu.

Kwa kawaida huwa nasisitiza watu wapige picha kurasa za BIOS (mipangilio ya bodi yenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kabla ya kutoa betri, kwa sababu mipangilio ya diski ikirudi ya kiwandani Windows inaweza kugoma kuwaka. Wewe mashine yako inasahau kila usiku na bado inawaka, kwa hiyo huna cha kupoteza.

Ukimaliza, weka tarehe kwa mkono kabla ya kuiachia Windows ijirekebishe kwenye intaneti. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kompyuta ya nyumbani au dukani haikubali kujisahihisha ikiona tofauti inayozidi saa 15, sembuse miaka.

Sasa IP. Hizi hazikai kwenye betri hata kidogo. Windows inaziandika kwenye diski. Betri ife, ichomolewe, itupwe, namba zako zinatakiwa kubaki. Na tena zako hazipotei na kuacha patupu. Zinarudi namba za mtu mwingine, namba zilezile kila siku. Nionavyo, hiyo kompyuta haijasahau kitu: inaikumbuka kafe ilikotoka. Kafe nyingi ziliweka programu ya kugandisha diski, ili lolote analofanya mteja lifutike mashine ikizimwa. Inayojulikana zaidi ni Deep Freeze. Angalia kulia chini, karibu na saa, kama kuna kialama cha dubu mweupe.

Hata usipomwona dubu, kwa kuwa anaweza kufichwa, jaribu hivi: tengeneza folda tupu kwenye eneo-kazi, uipe jina lolote, kisha uwashe upya. Folda ikitoweka, jibu umelipata. Hapo pia utajua kwa nini kazi za wateja ulizohifadhi hapo zilikuwa hazionekani kesho yake, kama yalikukuta.

Kuiondoa kunahitaji nywila aliyoweka mwenye kafe. Mpigie aliyekuuzia. Ukiipata, shikilia Shift, bofya dubu mara mbili, andika nywila, chagua Boot Thawed, washa upya, ndipo uandike 192.168.1.50 yako; sasa itakaa. Ukitaka unaweza kuigandisha tena baada ya hapo, na kwa steshenari inayopokea fleshi za kila mtu si wazo baya, mradi kazi za wateja zihifadhiwe kwenye diski ambayo haijagandishwa.

Aliyekuuzia akiwa hapatikani au kasahau nywila, usihangaike na programu za kuivunja zinazosambazwa mtandaoni. Hamisha mafaili yako kwenye fleshi, mwite fundi apige Windows upya kwa fleshi. Betri iwe imeshabadilishwa kabla hajafika.