Shangazi, nataka kuacha benki nikafundishe Kiswahili ughaibuni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nafanya kazi benki hapa Dar es Salaam, idara ya mikopo, huu mwaka wa tisa. Mshahara si haba, lakini kila Jumapili jioni tumbo linaanza kuniuma nikiiwaza Jumatatu. Malengo ya mwezi, simu za wadaiwa, bosi anayetuma ujumbe saa nne usiku. Mwaka jana nilianza kumfundisha Kiswahili dada mmoja Mjerumani anayekaa Masaki, kila Jumanne baada ya kazi. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo siangalii saa. Juzi aliniuliza kwa nini tunasema "mtoto amelala" wakati bado yuko usingizini. Nilikosa jibu, nikakesha nikilitafuta. Namfuatilia mtandaoni dada wa Kimarekani aliyeacha kazi ya ofisini, akaenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza, sasa anazunguka dunia. Nimeamua mwezi wa sita naandika barua ya kuacha kazi. Nianzie Korea au Ulaya, nifundishe, nitembee. Mwanangu wa miaka saba atabaki na bibi yake Moshi. Mkopo wa nyumba ya Goba bado upo, ila nitaipangisha. Mama sijamwambia. Naomba baraka zako. – Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hapo juu. Nimepunguza habari za bosi wako, maana zilikaribia nusu ya barua. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikahesabu. Ofisi kurasa mbili. Korea, treni za mwendokasi na maua yao, ukurasa mzima. Mwanafunzi wako mistari sita, mwanao mstari mmoja, mkopo mstari mmoja. Kwa hiyo usishangae nikikaa sana pale ulipopita mbio.

Niseme kabla ya yote kwamba sitakuambia ubaki benki. Miaka tisa ya kuwapigia watu simu za madeni inatosha kumchosha mtu yeyote mwenye moyo. Na hilo tumbo la Jumapili kalionyeshe kwa daktari, usilisubirie Korea. Ila mwezi wa sita ni mapema mno.

Turudi kwa mtoto aliyelala. Huko kukesha kwako ndiko kulikonifanya nikuamini, kuliko maneno yako yote kuhusu kuitafuta dunia. Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatujui tunachokijua. Vitabu humwambia mgeni kuwa "-me-" ni tendo lililokwisha, basi. Akitoka nje anasikia amelala, amekaa, amesimama, amevaa, na kila mmoja wa hao bado yuko vilevile. Anachanganyikiwa, na ana haki. Jibu ni kwamba kilichokwisha ni kule kuingia katika hali, na hali yenyewe ndiyo iliyobaki. Ukisema "anavaa shati", mkono bado unatafuta njia ya kutokea. Ukisema "amevaa shati", yuko tayari kwa safari. Mpe na huu mfano, ataucheka halafu hatausahau: wewe unakaa Dar, lakini sasa hivi umekaa kwenye kiti. Kitenzi ni kilekile, alama moja imebadilika, maana imehama kutoka makazi hadi makalio.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hii ndiyo kazi unayoiomba. Kuifundisha lugha yako mwenyewe ni ufundi wa kujifunza, na watu wengi huondoka nyumbani wakidhani ulimi wao unatosha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1991 niliacha kazi ya uhasibu nikaenda Ujerumani kufundisha, na wiki ya kwanza kijana mmoja aliniuliza kwa nini ni "rafiki yangu" wala si "rafiki wangu", ilhali tunasema "rafiki amefika" kama tunavyosema "mtu amefika". Darasa zima likanitazama. Nikajibu kwamba ndivyo tunavyosema. Nilirudi chumbani siku ile nikiwa na aibu ambayo hata leo naikumbuka ladha yake.

Basi jifunze ufundi huo ukiwa bado na mshahara. Uko Dar, na TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili, iko hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, nao wamekuwa wakitoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni. Nenda ofisini kwao uulize yajayo ni lini. Ukiweza kuchukua likizo yako ya mwaka ukaipeleka Zanzibar, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, wana uzoefu mrefu wa kufundisha wageni, na kuketi nyuma ya darasa la mwalimu aliyebobea kwa siku chache kutakufunza kuliko video mia. Ongeza wanafunzi wawili wa mtandaoni. Watafute Ulaya, kwa sababu jioni yao inakaribiana na yetu. Mtu wa New York akitoka kazini na kutaka somo saa kumi na mbili jioni, kwako ni saa saba au saa nane usiku, na asubuhi benki inakusubiri.

Sasa huyo dada wa Kimarekani. Simlaumu kwa lolote, lakini kuna kitu alichonacho ambacho hakioni kwa sababu hajawahi kukikosa, nacho ni pasi yake ya kusafiria. Viza ya Korea ya kufundisha Kiingereza, inayoitwa E-2, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo, hata awe na Kiingereza cha kuwashinda wote hao. Kwa hiyo ule mlango aliopitia yeye, kwako ni ukuta. Najua inauma, na heri iume sasa ukiwa Goba kuliko baada ya kukabidhi kitambulisho cha kazi.

Milango ya Kiswahili ipo, ila ni michache na ina masharti yake. Lugha yetu inafundishwa Leipzig na Bayreuth, SOAS kule London, L'Orientale ya Napoli, Osaka, na huko huko Korea katika Chuo Kikuu cha Hankuk. Nafasi ya mwalimu katika vyuo vya namna hiyo ikitokea, huwa ni moja, na wanaoigombea huwa na shahada ya uzamili ya lugha au isimu. Wewe una shahada ya biashara. Haikuzuii, lakini inakuonyesha safari inapoanzia.

Mlango ninaotaka uuchunguze kwa makini ni mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani unaoitwa FLTA, unaowachukua walimu vijana na kuwapeleka vyuo vya Marekani kusaidia kufundisha lugha zao. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa, na wewe mwenyewe unachukua kozi hapo chuoni. Watanzania na Wakenya wameupitia. Masharti hubadilika, hivyo usome tangazo la mwaka husika kwenye tovuti ya ubalozi, hasa kipengele cha umri na cha uzoefu wa kufundisha. Elewa pia kuwa huo si mpango wa kuhamia. Viza yake, J-1, kwa anayegharamiwa na serikali yao humtaka arudi nyumbani akae miaka miwili kabla ya kupewa viza za kazi za aina fulani au ukaazi wa kudumu. Kwako wewe mwenye mtoto, naona sharti hilo ni la heri.

Kuhusu kutembea tu, kabla ya kufundisha: omba viza ukiwa bado kazini. Wewe ni mtu wa mikopo, unajua karatasi zinavyosema. Ubalozi wa nchi ya Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, utataka taarifa ya akaunti, barua ya mwajiri, na dalili kwamba una cha kurudia. Ada ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Mfanyakazi wa benki aliye likizo ana jibu kwa kila swali la dirishani. Aliyeacha kazi mwezi uliopita ana ndoto nzuri na dirisha limefungwa.

Mkopo. Mwanangu, hapa nilishtuka, kwa kuwa mteja angekuletea maelezo kama hayo mezani kwako ungemrudisha nyumbani. Umeandika "nitaipangisha". Kwa shilingi ngapi? Rejesho la mwezi ni ngapi? Mkopo wa mfanyakazi wa benki huwa na riba nafuu kwa sababu ni mfanyakazi. Fungua mkataba wako leo, usome kinachotokea ukiacha kazi: riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida, au deni lote linadaiwa? Uliza pia NSSF, mfuko wako wa hifadhi ya jamii. Fao la kukosa ajira si la mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo usilihesabu. Ukishapata tarakimu hizo, tafuta mpangaji uone nyumba inalipa nini kwa kweli. Kodi ikizidi rejesho la riba mpya, nusu ya hofu yangu imekwisha.

Nimelichelewesha la mtoto kwa kuwa ndilo gumu kwangu kuliandika.

Nilipokwenda Ujerumani nilimwacha binti wa miaka minne kwa mama yangu. Nilisema mwaka mmoja, ikawa mitatu, maana mkataba uliongezwa na fedha zilikuwa nzuri. Nilituma viatu, nilituma madaftari, nilipiga simu kwa jirani mwenye simu. Niliporudi nilimpa biskuti nilizomnunulia uwanja wa ndege. Hakuzipokea. Alinitazama, akamgeukia bibi yake, akangoja bibi aitikie kwa kichwa, ndipo akanyoosha mikono miwili na kusema ahsante, kwa adabu, kama anavyopokea mtoto kitu kutoka kwa mgeni. Ana miaka arobaini kasoro sasa, tunapendana sana, lakini biskuti zile bado ziko kati yetu.

Sisemi usiende. Bibi wa Moshi atamlea vizuri, wengi wetu tumelelewa na bibi. Ninachosema ni kwamba miezi tisa yenye tarehe ya kurudi, aliyoambiwa mtoto wa miaka saba na kuonyeshwa kwenye kalenda ukutani, si sawa na "mama amekwenda kutembea dunia". Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhesabu miezi tisa. Hawezi kuhesabu dunia. Leo pia kuna simu ya video, ambayo mimi sikuwa nayo. Pangeni siku na saa, na usiikose hata ukiwa na homa.

Na mama yako? Unampa mjukuu alee, naye hajui! Panda basi uende Moshi mwisho wa wiki, usimwambie kwa simu. Usiende na uamuzi, nenda na swali. Mwulize ana nguvu za kulea mtoto wa shule mwaka mzima, magoti yake yakoje, na nani atampeleka hospitali mtoto akiugua usiku. Akisema hapana, hiyo ni hapana, na mpango unabadilika.

Kwa hiyo mwezi wa sita usiandike barua ya kuacha kazi. Andika ya kuomba mafunzo BAKITA au TATAKI, na mwakani, ukishakuwa na mwaka wa kufundisha wa kuonyesha, uombe nafasi nje. Ukiipata, waombe benki likizo bila malipo. Wakikataa, utatoa notisi yako ya siku 28, au ile iliyo kwenye mkataba wako kama ni ndefu zaidi, ukiwa na pa kwenda, deni limepangwa, na mama anajua. Bosi na ujumbe wake wa saa nne usiku? Zima simu saa tatu. Hilo halihitaji viza.

Jumanne ijayo mwulize mwanafunzi wako lile swali la yule kijana, la "rafiki yangu amefika". Kwangu nililipatia jibu baada ya wiki mbili. Sikupi. Likeshee, halafu uniandikie umemweleza nini.